Mstari wa Jina la Baba

Umeniuliza jana, Anaeli, tukimenya ndizi za mtori,
na kisu hukukiweka chini:
"Bibi, wewe ulikuwa mkunga. Kweli unaamini?"
Ukanichorea yai na mbegu kwa utomvu juu ya ganda,
kama mlivyofundishwa kidato cha tatu.

Mjukuu wangu, mchoro huo naujua.
Miaka thelathini na minne katika zahanati ya Kidia
nimepokea watoto, wengine kwa taa ya chemli,
baba yako akiwemo, aliyetanguliza makalio
(na hadi leo akiwa na deni huingia nyumbani kinyumenyume).
Hakuna hata mmoja aliyekuja bila baba, awe amejitokeza au amejificha.
Basi usidhani naamini kwa kuwa sijui.
Hata seremala wa Nazareti alijua watoto wanatoka wapi.
Ndiyo maana alitaka kumwacha binti wa watu kimyakimya.

Mwinjilisti Elinami atakwambia nabii alikwisha kusema.
Dada yangu Kandida, aliyeolewa Kibosho kwa Wakatoliki,
hatakwambia kitu, atatafuta rozari mfukoni.
Mchungaji alituhubiria kwamba uzima mpya
hauwezi kuchipua kwenye shina la zamani,
akanyoosha mkono dirishani, kwenye migomba!
Nilicheka hadi Mama Ndeshi akanifinya.
Na mgomba, ukitaka kujua, unazaa bila mbegu,
lakini hiyo si hoja:
mgomba hauna majirani.

Mimi sababu yangu iko ndani ya daftari.

Ilikuwa Desemba, wiki ile watu wa Dar wanapanda mlimani na magari,
mbuzi wanalia kila kihamba.
Nsia alishuka kutoka Tela kwa miguu, miaka kumi na tisa,
tope hadi magotini, bila mtu wa kumshika mkono.
Alijifungua alfajiri, Kibo ikiwa wazi kabisa
kana kwamba nayo imeitwa kushuhudia.
Jina la mama, nikaandika.
Uzito, kilo mbili na gramu mia tisa.
Jina la baba.
Akanitazama. "Nikikwambia hutaniamini."
"Nimesikia mengi," nikamjibu, kalamu mkononi.
Akaniambia.

Alichosema sitakisema hapa, ni mali yake.
Sikumwamini.
Nilichukua rula, Anaeli. Rula!
Nikapiga mstari ulionyooka pale penye jina,
na mstari huo akaondoka nao, yeye na mtoto,
hadi Tanga kwa shangazi yake, wala hakurudi.

Mwaka wa saba, stendi ya Moshi mjini,
mzee mmoja wa heshima zake alinivuta kando
akazungumza huku akiangalia viatu vyake.
Ilikuwa vile vile alivyosema Nsia.
Neno kwa neno.

Tangu siku hiyo, kanisani, tukilifikia lile neno bikira
ambalo vijana mnalipita mkikohoa,
mimi sauti yangu hupanda.
Maana naona binti amesimama mbele ya mtu
na habari isiyoaminika,
na yule mtu anajua yote ninayoyajua mimi,
usiku wake ni mrefu kama wangu,
kisha kunakucha, wanakwenda kuhesabiwa,
karani anauliza,
na pale nilipopiga mstari
yeye anataja jina lake.

Najua. Mwalimu wako hatakupa alama kwa hilo.
Binti mmoja kusema kweli hakumfanyi mwingine awe kweli,
nami nimelala na hoja hiyo nyakati nyingi kuliko wewe.
Ila nikikosea tena,
nataka nikosee upande huu.

Haya, zitie maji hizo ndizi,
zimeanza kuwa nyeusi.